Herufi Kubwa Haisikiki

Jumanne na Alhamisi, soko likishafungwa,
tunaketi watu kumi na wanne nyuma ya duka la dawa, kata ya Kenya,
kwenye viti vya plastiki vinavyokodishwa matangani,
na Mwalimu Numbi anaupasua ubao kwa chaki, mstari mmoja, wima.

Kushoto: mto, mji, fundi, mgodi.
Hayo, anasema, ni majina ya kila mtu,
kama bomba la mtaani.
Kulia: Lubumbashi, Ruashi, Numbi.
Hayo yana mwenyewe, na mwenyewe huvaa kofia.
Kwa Kiingereza hata Jumatatu huvaa kofia,
hata Januari, hata Kiingereza chenyewe.
Kifaransa kilitulea tukiziandika siku vichwa wazi,
kwa hiyo Bwana Kapend, fundi wa redieta, kakosa zote saba
na kanuna kama mtu aliyepunjwa chenji.

Mimi nauza unga. Naufuata Kasumbalesa, ng'ambo ya kizuizi,
ambako kila gunia lina fomu na kila fomu ni Kiingereza.
Ndiyo maana nipo hapa na daftari la mwanangu,
kurasa za nyuma.

Nikainua mkono. Mwalimu, na shaba?
Akaiandika kushoto.
Lakini mimi nilizaliwa Shaba.
Vijana hawakuelewa. Sisi wengine tuliguna.
Nilizaliwa Shaba, nikaolewa Katanga,
nikafiwa na mume Katanga ya Juu,
na nyumba ni ile ile, hata mlango haujabadilishwa.
Akafuta. Akaiandika pande zote mbili.

Na Kenya?
Dereva mmoja wa lori aliniuliza kwetu ni wapi,
nikamjibu Kenya, nusura anikumbatie;
kumbe yeye ni wa Nakuru, mimi wa njia ya nne baada ya soko.
Jina la pekee, nalo lina wenyewe wawili?
"Mama," akasema Mwalimu, "tusonge mbele."

La tatu sikumuuliza.

La tatu ni langu.
Pwani humeza u: mjinga, mtoto, mkate.
Sisi huku hatumezi kitu: mujinga, mutoto, mukate.
Nami naitwa Mujinga.
Nilitoka kamba ya kitovu imenizunguka shingo mara mbili,
rangi yangu ya jakaranda, bila kilio,
na bibi akaifungua kwa vidole, polepole, kama anayefungua fundo la pesa.
Kwa Waluba mtoto ajaye hivyo hapewi jina.
Huja amelivaa.

Shuleni darasa lilicheka miaka sita.
Benki, yule wa dirishani alikohoa.
Harusini kipaza sauti kilikwaruza, kikalitaja,
na wageni wa upande wa bwana harusi wakatazama sahani zao.
Huwezi kumwambia mtu anayecheka: ni kubwa, hiyo M.
Haisikiki.
Mama peke yake alijua kuitamka.
Kabla ya kuniita aliacha kusonga bukari,
akapangusa mikono kwenye kitenge,
akavuta pumzi.
Kofia ilikaa hapo, katika ile pumzi.

Wiki iliyopita, Kasumbalesa, fomu ya nakala tatu.
Kazi: mfanyabiashara. Herufi ndogo, haina neno,
tulikuwa wafanyabiashara mia mbili juani.
Jina: nikaikandamiza M
hadi ikatoboa nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu,
ikaacha kovu kwenye meza ya serikali ya watu.

Karani alikuwa Mzambia, kijana,
hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.
Akasoma kimya, midomo ikicheza.
Akasimama. Akaita, sauti ya kanisani:
Mujinga!

Foleni nzima ikageuka,
kila mtu mkono kifuani, ni mimi?

Nikapangusa mikono kwenye kitenge.
Nikaitika.